Hesabu oksijeni kwa saa: mwongozo wa mitungi kwa vituo vya afya vya Lindi na Mtwara

Ukiuliza kituoni "tuna oksijeni kiasi gani?" mara nyingi utajibiwa "mitungi sita". Jibu hilo halimfai mgonjwa. Mitungi sita mikubwa ni siku nne kwa wodi yenye watoto wawili na mtu mzima mmoja wanaohitaji kiasi cha kawaida. Mitungi hiyohiyo ni saa 15 tu kama kuna watu wazima watatu wanaovuta lita 15 kwa dakika. Huku kusini, ambako mtungi husafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara mjini, na bado kuna safari ya kupanda Newala au kuingia Liwale, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama roli litafika kabla ya oksijeni kwisha au baada yake.

Mwongozo huu ni wa mtunza stoo, muuguzi wa zamu na fundi wa vifaa tiba.

Hesabu yenyewe

Bega la mtungi, pale chini ya koki, limegongwa herufi na namba. Tafuta ujazo wa maji, yaani lita ambazo mtungi ungebeba kama ungejazwa maji. Mitungi mikubwa ya wodini huwa ya lita 47 au 50, na midogo ya kubeba kwenye gari la wagonjwa huwa ya lita mbili hadi kumi. Zidisha ujazo huo kwa presha inayoonekana kwenye geji, kwa kipimo cha baa. Mtungi wa lita 50 wenye baa 150 una lita 7,500 za oksijeni. Kama geji yako inasoma psi, gawa kwa 14.5 kupata baa. Psi 2,200 ni kama baa 150.

Usiihesabu yote. Baa 15 za mwisho ziache, kwa sababu mbili: mtiririko huanza kuyumba presha ikishuka sana, na mtungi haupaswi kurudi kiwandani ukiwa mtupu kabisa. Kwa hiyo kwa mtungi wetu chukua 150 utoe 15, zidisha kwa 50, unapata lita 6,750. Gawa kwa mtiririko wa mgonjwa. Lita 5 kwa dakika ni dakika 1,350, sawa na saa 22 na nusu. Lita 1 kwa dakika, kwa mtoto, ni zaidi ya siku nne na nusu.

Kosa linalotokea sana ni kusoma namba isiyo yake. Bega hilohilo lina presha ya kujazia na presha ya majaribio, na ya majaribio huwa mara moja na nusu ya ile ya kujazia. Mtungi ulioandikwa 150 na 225 hujazwa hadi 150. Anayepiga hesabu kwa 225, zaidi ya theluthi ya lita anazodhani anazo hazipo, na atakuja kulijua hilo usiku.

Gesi hii inatoka wapi

Watu wakisikia gesi na Mtwara huwaza Mnazi Bay na mtambo wa Madimba. Ile ni gesi asilia, ya kuchoma. Oksijeni ya mtungi haichimbwi. Hutengwa kutoka kwenye hewa. Hewa hupozwa mpaka inakuwa kimiminika, kisha kila gesi hutoka kwa joto lake: naitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, agoni 186 chini ya sifuri, oksijeni 183 chini ya sifuri. Carl von Linde alianzisha kampuni yake Ujerumani mwaka 1879, Air Liquide ikaanza Ufaransa mwaka 1902, na mpaka leo makampuni ya namna hiyo ndiyo yanayouza sehemu kubwa ya gesi za viwandani na hospitalini duniani. Kwetu jina la zamani ni Tanzania Oxygen Limited, sasa TOL Gases, iliyokuwa kampuni ya kwanza kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998.

Kuna njia ya pili: mtambo wa hospitali unaochuja naitrojeni kutoka kwenye hewa. Oksijeni yake huwa na usafi wa asilimia 90 hadi 96, wakati ile ya kupozwa huwa asilimia 99.5 au zaidi. Zote mbili zinatibu. Jambo la kukumbuka ni kwamba mtungi uliojazwa hospitali ya rufaa na mtungi uliotoka kiwandani haitasoma sawa kwenye kipima oksijeni, yaani kifaa kinachoonyesha asilimia ya oksijeni kwenye gesi, na hiyo si hitilafu.

Kampuni inayokuuzia oksijeni ya tiba huuza pia agoni, naitrojeni na oksijeni ya mafundi wa kuchomelea, tena kwenye mitungi ya umbo moja na mara nyingi kwenye roli moja. Shika hili, tutalirudia getini.

Kuagiza

Anza na mahitaji ya siku. Tuseme wodi ina watoto wawili wa lita 1 kila mmoja na mtu mzima wa lita 5. Jumla ni lita 7 kwa dakika. Siku ina dakika 1,440, kwa hiyo unatumia lita 10,080. Gawa kwa 6,750: mtungi mmoja na nusu kwa siku. Kisha hesabu siku za safari, kuanzia siku unayotuma oda, siyo siku roli linapoondoka. Kama huwa ni siku 6, ongeza siku za barabara kukatika. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Somanga, Kilwa, na aliyetaka kuja kusini kwa gari alilazimika kuzunguka Songea, Tunduru na Masasi. Siku 4 za tahadhari ni chache kuliko zote tunazoweza kukushauri wakati wa mvua, na kwa Liwale ongeza tena. Siku 10 kwa mtungi mmoja na nusu ni mitungi 15. Hiyo ndiyo idadi ambayo stoo ikiifikia, oda inatoka siku hiyohiyo. Ukisubiri ibaki mitano umeshachelewa.

Kama una konsentreta, yaani mashine ndogo za umeme zinazotenga oksijeni kutoka kwenye hewa, za kufanya kazi ya kila siku, mitungi inakuwa akiba, na hesabu inabadilika: jiulize umeme ukikatika kwa saa ngapi mfululizo, na wagonjwa wote wahamie kwenye mtungi, utatumia lita ngapi. Konsentreta ya lita 5 inakula wati 300 hivi, kwa hiyo jenereta ndogo inaiweza, ila jenereta nayo ina mafuta yake ya kwisha.

Kwenye karatasi ya oda andika "oksijeni ya tiba", si "oksijeni" tu. Andika ujazo wa mtungi kwa lita, aina ya koki, na namba za mitungi mitupu unayorudisha, moja moja. Mtungi kwa kawaida ni mali ya kampuni. Wewe unalipia gesi na kodi ya mtungi. Namba isipoandikwa wakati wa kurudisha, kodi yaweza kuendelea kuhesabika kwa mtungi usiokuwa nao, na huna karatasi ya kubishania. Kabla ya kusaini mkataba uliza mambo matatu: nani analipa usafiri wa mtungi wenye kasoro kurudi Dar es Salaam, kodi inaanza kuhesabiwa siku ya kutoka kiwandani au ya kufika kwako, na kama barabara imekatika kodi inasimama au la. Kuanzia Oktoba, msimu wa korosho, usafiri wa kusini una kazi nyingi, basi panga mapema na msafirishaji.

Kupokea getini

Hapa ndipo tunapotaka ukae muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Dereva atakuwa na haraka. Mwache asubiri, mpe maji, mpe kivuli, lakini usisaini hati ya mzigo mpaka umemaliza.

Soma lebo kwanza, rangi baadaye. Mtungi wa oksijeni ya tiba waweza kuwa mweusi wenye bega jeupe, kwa desturi ya Waingereza, au mweupe wote. Wamarekani hupaka kijani. Mtungi mweusi wote, kwa desturi ileile ya Waingereza, ni oksijeni ya viwandani. Rangi huchakaa, hupakwa upya, na nchi hazikubaliani. Lebo ndiyo inayosema jina la gesi, kundi la ujazaji na mwisho wa matumizi. Mtungi usio na lebo, au wenye lebo isiyosomeka, haushuki kwenye roli hata kama dereva anaapa.

Sababu ya ukali huu ni nyuzi za koki. Kwenye mitungi mikubwa ya mfumo wa Kiingereza, koki ya oksijeni ina nyuzi za ndani za inchi tano kwa nane zinazokaza kwa kulia. Agoni na naitrojeni hutumia nyuzi hizohizo. Maana yake regulata yako ya oksijeni, kile kifaa cha kupunguza presha, itaingia vizuri kabisa kwenye mtungi wa agoni, geji itapanda, kimpira cha flomita, yaani kipima mtiririko, kitapanda, maji ya chupa yatatoa mapovu, na mgonjwa atakufa mbele yenu mkidhani anapata oksijeni. Hakuna chuma kitakachokuzuia. Asetilini ina nyuzi za kushoto na nati yenye mikato, kwa hiyo yenyewe haiingii. Mitungi midogo ina ulinzi wa vijiti vya regulata vinavyoingia kwenye matundu ya koki: oksijeni ni nafasi ya 2 na 5, naitrasi oksaidi 3 na 5, hewa ya tiba 1 na 5. Ndiyo maana kijiti kilichovunjika kwenye nira ya regulata, yaani kibano chake kinachoshika koki, hakitengenezwi kwa kukiacha. Nira inatolewa kazini.

Kama kituo kina kipima oksijeni, kipime kwanza kwenye hewa ya kawaida. Kisome asilimia 20.9. Kisha fungulia kila mtungi kidogo na upime. Asilimia 99 au 93, kulingana na chanzo, pokea. Chini ya 90, weka kando na piga simu. Kifaa hiki kwa maoni yetu kinastahili kununuliwa kabla ya viti vya ofisi. Kisipokuwepo, huna kinga nyingine zaidi ya lebo na macho yako mawili.

Sasa presha. Geji inasema kweli kwa joto la wakati huo tu. Presha ya kujazia hutajwa kwa nyuzi 15. Mtungi uliojazwa baa 150 kwa nyuzi 15 utasoma kama 158 kwa nyuzi 30. Kinyume chake ndicho kinachoumiza: mtungi ulioshinda juani kwenye roli, ukasoma 150 ukiwa na joto la nyuzi 45, una baa 136 tu kwa nyuzi 15. Weka mitungi kivulini kwa saa kadhaa ndipo upime kama unataka namba ya kubishania. Kama dereva hawezi kusubiri kiasi hicho, pima hapohapo, andika saa na "imepimwa ikiwa ya moto" kwenye nakala zote mbili za hati, na msaini wote.

Mizani ya gunia inasaidia pia. Lita 7,500 za oksijeni zina uzito wa kilo 10. Mtungi mtupu una uzito wake umegongwa begani. Vua kofia ya chuma ya mtungi, pima, toa uzito huo. Ukipata kilo 6 badala ya 10, kuna lita kama 3,000 hazipo.

Malizia na hali ya mtungi: tarehe ya majaribio isiwe imepita, koki isiwe na grisi wala rangi, kitako kisiwe kimelika kwa kutu. Upepo wa chumvi wa Mikindani, Lindi mjini na Kilwa haumwachi mtungi, na sehemu ya kwanza kuliwa ni kitako kinachokaa kwenye saruji yenye unyevu.

Kufunga regulata

Nawa mikono kwa sabuni, ikauke. Hili si la usafi wa hospitali pekee. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inawasha moto wenyewe, bila kiberiti. Mafuta ya kujipaka, mafuta ya nazi kwenye nywele zilizoguswa kwa kiganja, grisi ya spana ya pikipiki: yote yanatosha. Fundi akikuta nati ngumu hapaki kitu. Anatafuta chanzo cha ugumu, au anabadilisha.

Simamisha mtungi, ufunge kwa cheni ukutani au kwenye toroli. Mtungi wa lita 50 ukiwa na gesi una kilo kama 70, na ukianguka koki ikakatika unakuwa kombora. Ondoa kifuniko cha koki. Simama pembeni, mdomo wa koki usielekee mtu, fungulia kidogo sana kwa nukta moja na ufunge. Pumzi hiyo hutoa vumbi na mchanga. Usipoitoa, mchanga unaingia kwenye regulata na kukwaruza kiti cha ndani, sehemu inayoziba gesi, na tangu hapo haitashika presha.

Angalia washa, yaani pete ya kuziba mvujo kwenye kiungo. Mtungi mdogo una washa yenye pete ya chuma na mpira katikati. Mtungi mkubwa, pete ya mpira kwenye pua ya regulata. Iliyopasuka au kubapa, badilisha kwa ya oksijeni. Washa iliyokatwa kutoka kwenye tairi la baiskeli inavuja leo na kuungua kesho. Tepu nyeupe ya mabomba haihitajiki hapa, kwa sababu kinachoziba ni pua na pete, nyuzi zinashikilia tu. Vipande vyake huingia ndani na kukwama.

Kaza nati kwa mkono mpaka mwisho, kisha spana robo mzunguko. Anayekaza kwa kuning'inia kwenye spana anabapa pete, na baada ya mara tatu hakuna nguvu itakayoziba mvujo ule. Hakikisha flomita imefungwa. Sasa fungulia koki ya mtungi taratibu, kama unafungulia mlango wa chumba alicholala mtoto. Ukiipiga ghafla, gesi inajibana ndani ya regulata, inapata joto kali kwa kufumba na kufumbua, na uchafu wowote uliomo unawaka. Sindano ikitulia, fungulia mpaka mwisho kisha rudisha robo mzunguko, ili anayekuja baadaye asidhani imekwama akailazimisha.

Fungulia flomita. Soma katikati ya kimpira, na flomita iwe wima. Ikilala inasema uongo. Kiasi cha mgonjwa huamuliwa na tabibu kwa kipimo cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu, ila kwa hesabu za stoo tumia viwango vya kawaida vya mipira ya puani: mtoto mchanga lita 0.5 hadi 1, mtoto mchanga aliyekua kidogo 1 hadi 2, mkubwa zaidi 1 hadi 4. Maski yenye mfuko kwa mtu mzima hula 10 hadi 15. Kwa mtiririko mdogo wa puani chupa ya maji ya kulainisha si lazima, na isipobadilishwa maji kila siku ni makazi ya vijidudu.

Mvujo

Mvujo wa lita 1 kwa dakika hausikiki wodini penye watu. Kwa siku ni lita 1,440, karibu moja ya tano ya mtungi mkubwa. Kuupata si kazi: funga flomita, fungulia koki ya mtungi, andika namba ya geji, funga koki. Subiri dakika kumi. Sindano ikishuka kuna mvujo kati ya koki na flomita. Isiposhuka lakini mtungi unaisha upesi, tazama mbele: mrija uliotoboka, chupa ya maji isiyokazwa kifuniko, au kiungo cha mgawanyo kilichoachwa wazi upande usio na mgonjwa. Povu la sabuni isiyo na mafuta litakuonyesha mahali. Futa na kukausha baadaye. Usitafute kwa moto.

Sindano inayobaki juu hata mtungi ukiwa umefungwa na flomita imeachwa wazi ni geji mbovu, si mtungi uliojaa. Flomita inayoendelea kupitisha ukiwa umeifunga ina kiti kilichokwaruzwa. Vyote viwili vinakwenda kwa fundi wa vifaa tiba. Muuguzi asifungue regulata.

Stoo na kurudisha

Kivuli, hewa ya kupita, sakafu kavu, mbao chini ya vitako, cheni mbili, moja juu na moja chini. Iliyojaa upande mmoja, mitupu upande mwingine, na maandishi makubwa ukutani ambayo mtu wa zamu ya usiku atayasoma kwa tochi. Hakuna dizeli ya jenereta humo, wala mitungi ya gesi ya kupikia. Kama karakana ya hospitali ina oksijeni ya kuchomelea, ikae jengo jingine kabisa. Usiikope "kwa usiku mmoja tu" kumpa mgonjwa: hakuna rekodi itakayosema ndani ya mtungi mlikuwa na nini kabla.

Mtungi ukifika baa 15 funga koki, hata kama unaonekana umekwisha. Koki ikiachwa wazi, hewa ya pwani yenye unyevu inaingia na kutu inaanza ndani, mahali usipopaona. Rudisha kofia, funga karatasi yenye neno "mtupu", andika namba kwenye leja.

Na kwa kila mgonjwa anayetegemea mtungi usiku, andika kwenye ubao kando ya kitanda saa ambayo mtungi utakwisha, siyo presha. Geji ikisoma baa 60 saa 2 usiku kwenye mtungi wa lita 50, na mgonjwa yuko lita 5: 60 utoe 15 ni 45, mara 50 ni 2,250, gawa kwa 5 ni dakika 450. Andika saa 9 na nusu usiku. Mtungi wa pili uwe umeshafungwa regulata yake na umeshapimwa mvujo kabla ya saa 9, uko kando ya kitanda, spana imening'inia shingoni mwake.